Darubini Kwenye Meza ya Ndafu

Mume wangu ni mpambaji wa kumbi za sherehe. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Watu wakisikia hivyo hudhani tunaishi dunia mbili tofauti, kumbe tunagombania stoo moja. Nyumba yetu ya Njiro ina stoo kwa nyuma, na humo mna satini zake, maua yake ya plastiki, viti vyake vya maharusi vilivyofunikwa nailoni. Kwenye kona moja, ambayo niliipata kwa vita, mna lenzi zangu, betri zangu na nyaya zangu. Kila mwaka kona hiyo inapungua. Mpambaji hana adabu ya mipaka. Ukimpa kiti anataka ukuta.

Mwaka ule wasichana wa klabu yangu ya sayansi walinijia na wazo. Ni wasichana wa bweni, wa kidato cha tatu na cha nne, wenye akili nyingi na kelele zaidi. Walikuwa wameona picha za ile darubini kubwa iliyorushwa anga za juu, inayotazama nyota kwa mwanga wa joto, na wakataka kutengeneza mfano wake kwa ajili ya maonyesho ya sayansi baina ya shule. Si mfano wa kusimama tu mezani. Walitaka mfano unaokunjwa na kukunjuka, kama yenyewe.

Niliwaambia waanze na kitu chepesi. Hawakunisikiliza, na mimi moyoni nikafurahi.

Nieleze kidogo, kwa sababu bila hili hutaelewa hasira yangu itakapofika. Joto ni mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kila chenye joto kinautoa: jiko, ng'ombe, mwalimu anayesahihisha mitihani. Nyota za mbali sana mwanga wao unatufikia ukiwa umechoka na safari, umegeuka kuwa wa aina hiyo. Sasa darubini ya kuuona lazima yenyewe iwe na baridi kali, la sivyo itaona joto lake tu. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona huku wewe mwenyewe unaimba kwaya. Kwa hiyo mainjinia waliipeleka mbali kabisa na dunia na kuiwekea ngao ya kuzuia jua, yenye matabaka matano, kila moja jembamba kama unywele, kati ya moja na jingine pana nafasi ya joto kutorokea. Upande wa jua kunaungua. Upande wa pili kuna baridi ambayo hata kileleni mwa Meru hawajawahi kuiota. Vioo vyake kumi na nane, vilivyopangwa kama sega la nyuki, vilipakwa dhahabu, maana dhahabu hairudishi uzuri tu, inarudisha na joto.

Tatizo ni kwamba kitu hicho kikiwa wazi hakitoshei kwenye roketi yoyote. Ikabidi kikunjwe, kirushwe, kisha kikajifungue chenyewe huko ambako hakuna fundi anayeweza kufika na bisibisi. Kamba moja ikikwama, kazi ya miaka mingi imekwisha.

Nilimweleza mume wangu haya yote tukiwa tunakula. Akatafuna, akameza, akasema, "Kwa hiyo ni kupamba ukumbi ambao huruhusiwi kuingia."

Nilikaa siku kadhaa nikitafuta kasoro katika sentensi hiyo.

Vifaa tulivipata kwa njia ambazo shule haikuuliza. Mifupa ya darubini ilitoka kwenye miamvuli iliyokufa, na mji wetu, kwa mvua zake, hauishiwi miamvuli iliyokufa. Matabaka ya ngao yalitoka kwa jirani yetu ambaye ni mgumu, yaani mbeba mizigo wa wapanda mlima. Alituletea zile blanketi nyembamba zinazong'aa kama fedha ambazo wageni hujifunika wakizidiwa na baridi, kisha huziacha. Magurudumu ya kupitishia kamba yalitoka kwenye reli za mapazia. Na dhahabu ilitoka stoo.

"Karatasi yangu ya dhahabu ya meza za keki iko wapi?" mume wangu aliuliza asubuhi moja.

"Ipo kwenye kazi ya taifa," nilimjibu.

Alikwenda shuleni kuhakikisha. Alikuta dhahabu yake imebandikwa juu ya vioo kumi na nane vya maboksi, akazunguka mara mbili, akawaonyesha wasichana namna ya kubandika pembe zisifanye mikunjo. Alirudi nyumbani hajanitaja kwa ubaya. Hapo nikajua naye ameshanaswa.

Jambo moja nililisimamia kwa ukali. Kwenye ngao ya kweli, mainjinia waliweka mishono ya miraba tabaka zima, ili jiwe dogo la angani likipasua sehemu moja, mpasuko uishie kwenye mraba wake. Nikataka nasi tufanye hivyo kwa selotepu, tabaka zote tano. Wasichana walilia vidole. Waliniuliza ni jiwe gani la angani litakalotua kwenye maonyesho ya shule. Nikawaambia mtu haulizi mvua akiwa anaezeka.

Basi ikakamilika. Ikakunjwa vizuri. Ila haikufunguka.

Ilikuwa na kamba sita za kuvuta matabaka mpaka yatanuke. Bawa la kulia lilitoka bila shida. Bawa la kushoto lilifika katikati na kukwama, kila jaribio, mahali palepale. Wasichana walivuta kwa nguvu, wakavuta kwa umoja, wakavuta wakiimba. Niliwafokea, nikaifokea kamba, nikaufokea ukuta wa maabara. Tukapaka mafuta, tukabadilisha magurudumu, tukakunja upya. Bawa likakwama.

Mwaka uliotangulia jiko letu la jua lilikuwa limeunguza kitambaa cha meza ya majaji, na shule nyingine hazikuwa zimesahau. Kwa hiyo nilitegemea wasichana wangu wataniomba tubuni kitu kingine. Badala yake kiongozi wao, msichana wa kidato cha nne mwenye sauti ndogo na shingo ngumu, alinifuata mlangoni.

"Mwalimu, hatuombi ushindi," alisema. "Tunaomba tu ifunguke. Hata mara moja, kabla hatujamaliza shule."

Nilimwambia itafunguka. Mwalimu akishasema hivyo mbele ya mwanafunzi, hana tena pa kulala.

Maonyesho yalikuwa Jumatatu. Jumamosi kabla yake ilikuwa sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeishi Meru juu kwenye migomba na kahawa. Bwana harusi alikuwa Mchaga, na ukumbi ulikuwa hapahapa Njiro. Mume wangu, kwa kuwa ndiye mjomba, alipamba bure, na mpambaji anayepamba bure hupamba kwa uchungu mara mbili. Tukakubaliana kwamba mchana apitie shuleni na kirikuu chake, kale kagari ka mizigo, aichukue darubini, aifikishe nyumbani nikaliangalie bawa, ndipo aende ukumbini.

Alichelewa njiani. Akanipigia simu: "Mke wangu, nimekuja nayo ukumbini moja kwa moja. Nimeiweka jikoni. Hakuna atakayeigusa."

Sasa kwa msomaji asiyetoka huku kwetu. Ndafu ni mbuzi mzima aliyechomwa. Anapigishwa magoti juu ya meza, anatiwa majani mdomoni, anaingizwa ukumbini kwa ngoma na kukabidhiwa wakwe kama heshima. Siku hizi umezuka mtindo wa kumwingiza akiwa amefunikwa gubigubi kwa karatasi ya fedha, afunuliwe mbele ya wageni, watu wapige kelele kana kwamba walitegemea twiga.

Na darubini yetu? Ilipokunjwa ilikuwa na urefu wa mbuzi aliyepiga magoti. Mbele yake ulitokeza mkono unaoshika kioo kidogo, umeinuka kidogo juu, kama shingo. Wasichana, ili isipate vumbi, walikuwa wameifunika kwa blanketi ya mwisho ya fedha na kuifunga utepe mwekundu. Na mume wangu, fundi asiyependa kuona kitu kizuri kikiwa sakafuni, aliiweka juu ya meza yake ya keki yenye magurudumu.

Mpishi mkuu alikuwa ametoka kutafuta giligilani za kumtia mbuzi mdomoni, kwa sababu zilizokuwepo mtu alishazikatia kwenye kachumbari. Mbuzi mwenyewe alikuwa bado nyuma, kwenye moshi. Vijana wake wa kazi walikuwa wa kukodi siku hiyohiyo. Mshereheshaji akanguruma kwenye spika, "Ndafu iingieee!" Wakaangalia huku na huku, wakaona meza ya magurudumu, kitu cha fedha, utepe. Nani angewalaumu? Mimi niliwalaumu, lakini baadaye.

Nilikuwa nimeketi na akina shangazi, ndani ya sare ya kitenge ambayo fundi aliibana mikononi kama vile ananidai. Muziki ukawaka. Milango ikafunguliwa. Nikaona utepe mwekundu unakuja kwa kucheza, na fundo lake nikalijua, maana nililifunga mimi.

"Ile si ndafu!" nikasema.

"Kaa chini, wifi, unatuharibia," akasema mama wa bibi harusi huku akinivuta kitenge.

Nikajinasua nikaenda mbio katikati ya ukumbi nikipunga mikono yote miwili. Mshereheshaji akaniona. "Jamani, anti ana furahaaa! Msindikizeni anti!" Akina shangazi wote wakainuka, wakapanga foleni nyuma yangu na kupunga mikono kama mimi. Kadiri nilivyozidi kukataza ndivyo walivyozidi kucheza. Tulizunguka darubini mara mbili. Niliwahi kufika karibu na spika nikapiga kelele, na jibu nililopata ni kigelegele.

Muziki ukanyamaza. Nikavuta pumzi niseme. Mchungaji akasimama akasema, "Tuombe."

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Kuna mambo ninayoweza kuyakatiza: kikao cha wazazi, hotuba ya mkuu wa shule, mume. Maombi siwezi. Nikasimama macho wazi huku ukumbi mzima umeinamisha vichwa mbele ya darubini, na mchungaji akamshukuru Mungu kwa mnyama huyu, akaibariki mikono iliyomwandaa, akaomba nyama yake iwe afya kwa watakaoila. Nilisema amina. Ningefanyaje?

Kabla amina haijapoa, mshereheshaji alikuwa ameshamkabidhi kisu baba wa bwana harusi, mzee mrefu wa suti ya kijivu, aliyekuwa na utulivu wa mtu aliyekwishakata ndafu nyingi. Hakufunua kwanza. Alichoma hapohapo ubavuni na kuvuta.

Mlio wa ile blanketi ikiraruka ulinipasua mimi. Kisu kikapita kwenye kifuniko, kikaingia tabaka la kwanza la ngao, mpasuko ukakimbia, ukafika kwenye mstari wa selotepu, ukasimama. Mzee akavuta tena. Ukakataa. Akachungulia kwenye tundu. Ndani mlikuwa na dhahabu.

"Huyu mbuzi," akasema mzee kwenye kipaza sauti alichokuwa ameshikiwa, "amelishwa nini?"

Wifi yangu alikuwa ameshika mdomo. Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, na nadhani nilimkanyaga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba radhi. Hii siyo ndafu. Ni darubini."

"Darubini ya kuona nini?"

"Joto la nyota."

Mzee akaitazama vizuri. "Na inaonaje imefungwa?"

"Huwa inafunguliwa, baba. Ila hii yetu ni ya Jumatatu, na bado ina..."

"Hapana, mwanangu," akasema, kwa upole kabisa. "Kitu kikishaletwa mbele ya wakwe kwa ngoma na kuombewa, hakirudi hivihivi hakijafunguliwa. Itakuwa mmetuletea nini? Fungueni tuone."

Upande wote wa wakwe ukaitikia. Wifi yangu akanitazama kwa macho yaliyosema kwamba nisipoifungua, ndoa ile itasimuliwa vibaya mpaka Moshi. Nami nikamkumbuka yule msichana wa kidato cha nne aliyenifuata mlangoni. Kama ingepasukia pale, mbele ya pilau, Jumatatu wasingekuwa hata na kitu cha kukwama.

Hapo hasira ikaniokoa. Nilianza kutoa amri kama niko darasani. Kifuniko kitoke. Meza isogezwe. Kamba tatu zishikwe na upande wa bibi harusi, tatu upande wa bwana harusi. Shangazi huyu hapa, baba mkubwa pale. Mama mzaa bwana harusi, mama mnene mwenye kilemba cha zambarau, nikampa kamba ya bawa la kushoto kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Nikasema, "Vuteni!"

Hakuna aliyevuta.

"Tangulieni nyie," akina shangazi zetu wakasema.

"Aa, tutatanguliaje? Nyie ndio wenyeji."

"Wageni kwanza."

"Hapana, jamani, tutaonekanaje?"

Nilitaka kulia. Lakini taratibu, nukta kwa nukta, wakaanza, kila upande ukitupia jicho upande wa pili usije ukaonekana una pupa. Hawa wakivuta kidogo wanasimama kuwangoja wenzao. Wenzao wakivuta kidogo wanasema "samahani". Bawa la kulia likatoka polepole. Tabaka la kwanza likatandazika, na la pili. La kushoto likaenda mpaka katikati, likafika palepale pake, likakwama.

Wasichana wangu hapo huvuta kwa nguvu. Yule mama wa kilemba alipoona kamba imekaza, alidhani kuna shangazi upande wa pili anamvuta. Na mama mkwe, siku ya sendofu, hawezi kuonekana anavutana na wakwe zake. Akailegeza. Aliilegeza kidogo tu, akaomba radhi kwa mtu ambaye hakuwepo, kisha akaivuta tena kwa adabu.

Bawa likateleza. Nililisikia: mlio mdogo, wa gurudumu la pazia likipata nafasi ya kupumua. Mkunjo uliokuwa umejibana ukajiachia, na ngao yote ikatanda, matabaka matano, kila moja limeachana na jingine, lile la kwanza na jeraha lake dogo la mraba. Vioo vya pembeni vikaingia mahali pake. Mkono wa mbele ukainuka. Taa za mume wangu, alizozipanga kwa ajili ya bibi harusi, zikaangukia vioo vyote kumi na nane vya dhahabu.

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, meza kupigwa, mtu akapuliza ile pembe ya plastiki. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maua, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti, "Tazameni zile pembe! Hakuna mkunjo hata mmoja!" Mzee wa suti ya kijivu alizunguka darubini mikono nyuma, akaridhika, akageuka kwa mshereheshaji. "Sasa hii tumeiona. Na mbuzi naye yuko wapi?"

Jumatatu, nikuambie mapema, kwenye maonyesho ilikwama. Bawa la kushoto, palepale. Wasichana waliilegeza kama nilivyowafundisha, lakini mbele ya majaji pupa iliwazidi, na adabu ya mama mkwe haifundishwi kwa siku moja. Tulipewa vyeti vya ushiriki. Sikuumia kama nilivyotegemea, na wao hawakuumia kabisa, na sababu ni ile simu niliyoipiga Jumamosi.

Nilitoka nje ya ukumbi nikampigia matroni wa bweni, kwa sababu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Nikamwambia aniitie kiongozi wa klabu. Nikasikia kandambili zinakimbia bwenini, nyingi kuliko za mtu mmoja.

"Mwalimu? Imeharibika?" Ndilo swali lake la kwanza.

"Imefunguka."

"Imefunguka vipi? Nani kaifungua? Nasikia makelele."

"Wakwe wameifungua. Nitakueleza."

"Imefunguka yote?" Sauti yake ilikuwa imepungua mpaka nikalazimika kuziba sikio la pili. "Hata bawa la kushoto?"

"Hata la kushoto."

Nikamsikia akiiweka simu kando na kuwaambia wenzake, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani, "Imefunguka." Baada ya hapo sikusikia neno lolote linaloeleweka kwa muda mrefu. Nililia nikiwa nimeegemea kirikuu, ndani ya kitenge kinachobana, wala sikujificha.

Aliyerudi kwenye simu alikuwa matroni. "Mwalimu, hawa watoto wako wanarukaruka juu ya vitanda. Kimoja kimeshavunjika. Niwafanyeje?"

"Mama," nikamwambia, "waache wavunje na cha pili."